Kuhamisha programu ya mishahara ya COBOL kutoka mainfremu hadi Linux: uchambuzi wa kisa

COBOL, lugha ya kuandikia programu za biashara, ilianza kubuniwa mwaka 1959, na kufikia Desemba 1960 programu zake zilikuwa zimeendeshwa kwenye mashine za kampuni mbili tofauti, RCA na UNIVAC. Kuhama mashine kumo ndani ya lugha hii tangu mwanzo. Hata hivyo, taasisi nyingi zenye programu za COBOL kwenye mainfremu (kompyuta kubwa ya taasisi) ya IBM huamini kwamba njia ya kwenda Linux ni moja tu, yaani kuandika kila kitu upya kwa Java au lugha nyingine ya leo. Njia nyingine ipo, ni ya chanzo huria, na inafanya kazi: GnuCOBOL.

Kompaila hii ilianzishwa na Keisuke Nishida wa Japani kwa jina la OpenCOBOL, ikaendelezwa na Roger While, na mwaka 2013 ikaingia kwenye mradi wa GNU na kuitwa GNU Cobol, kisha GnuCOBOL. Inageuza COBOL kuwa C, kisha inaiachia gcc imalize. Programu ikishaendeshwa hutegemea maktaba moja kuu, libcob, na libcob nayo hutegemea GMP kwa hesabu za tarakimu nyingi na Berkeley DB (au VBISAM) kwa faili zenye ufunguo.

Ili hesabu ifuatike, kisa hiki kimefungwa kwenye programu moja, MISH01, inayosoma faili moja ya wafanyakazi na kutoa ripoti ya mishahara. Rekodi ina baiti 80:

```
01  REKODI-MFANYAKAZI.
    05  NAMBA      PIC 9(6).
    05  JINA       PIC X(30).
    05  IDARA      PIC X(4).
    05  MIAKA      PIC S9(2)     COMP.
    05  MSHAHARA   PIC S9(7)V99  COMP-3.
    05  SALIO      PIC S9(7)V99.
    05  FILLER     PIC X(24).
```

Jambo la kushika tangu sasa: kompaila ikimaliza bila kosa, kazi ndiyo kwanza imeanza. Lugha yenyewe inahama kwa urahisi. Kinachogoma kuhama ni mazoea ya mashine ya zamani: namna ilivyohifadhi namba, ilivyopanga herufi, ilivyokata desimali na ilivyosimama ilipokutana na data mbovu. Hayo hayakuandikwa mahali popote ndani ya MISH01, lakini matokeo yake yote yanayategemea.

Kusimika kompaila

Kwenye Debian 12, kifurushi chenye jina tupu `gnucobol` kinaleta tawi la 4, ambalo bado ni la maendeleo. Kwa kazi ya mishahara chukua tawi tulivu:

```
sudo apt install gnucobol3
cobc --version
cobc --info
```

Amri ya mwisho usiiruke. Inaonyesha kama faili zenye ufunguo zinashughulikiwa na BDB (yaani Berkeley DB), VBISAM au hazishughulikiwi kabisa. Ukijenga mwenyewe toleo 3.2 kutoka kwenye msimbo, fuata `./configure`, `make`, `make check`, `sudo make install`, na usisahau `sudo ldconfig`. Bila hiyo programu yako ya kwanza itakataa kuanza ikidai haioni `libcob.so.4`.

Msimbo wenyewe

Msimbo ukitoka mainfremu ukiwa EBCDIC (mpango wa herufi wa mainfremu za IBM, tofauti na ASCII ya Linux), ni mlolongo wa kadi za herufi 80 usio na alama ya mwisho wa mstari. Hapa `dd` inatosha:

```
dd if=MISH01.ebc of=MISH01.cob cbs=80 conv=ascii
```

Inageuza herufi, inakata kila mstari kwenye herufi ya 80 na kuondoa nafasi tupu za mwishoni. Kagua kwa macho alama chache kama mabano ya mraba na mstari wima, kwa sababu jedwali la `dd` halilingani kila mahali na ukurasa wa herufi uliotumika kwenye mashine yako, uwe 037 au 1047. Zikitofautiana, tumia `iconv -f IBM037` au `IBM1047`, kisha `fold -w 80`.

COBOL ya zamani inahesabu safu. Safu 1 hadi 6 ni za namba za kadi, ya 7 ni ya alama (nyota kwa maelezo, kistari kwa mwendelezo), 8 hadi 11 ni eneo A, 12 hadi 72 eneo B, na 73 hadi 80 hazisomwi kabisa. Mtu akifungua msimbo kwenye kihariri cha kisasa na kusogeza mstari mmoja kulia kwa herufi mbili, nukta ya kufunga sentensi inaweza kuangukia safu ya 73. Kompaila haiioni. Sentensi ya `IF` haifungwi, na amri inayofuata inakuwa sehemu ya sharti: anayestahili posho pekee ndiye anayekatwa kodi. Hakuna kosa litakaloonyeshwa, maana kisarufi programu ni sahihi. Kinga ni `-Wcolumn-overflow`, na kihariri kisichoingiza tabo.

Amri ya kukompaili ni hii:

```
cobc -x -std=ibm -fsign=EBCDIC -debug -Wall -Wcolumn-overflow \
     -I copy -o mish01 MISH01.cob
```

Programu ndogo zinazoitwa kwa `CALL` hukompailiwa peke yake kwa `cobc -m KODI01.cob`, zikatoa `KODI01.so`, na saraka yake hutajwa kwenye `COB_LIBRARY_PATH`. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo: faili ikiitwa `kodi01.so` huku msimbo ukiita `'KODI01'`, libcob itasema moduli haipatikani.

Kwa nini -std=ibm si pambo

Tazama tena sehemu ya MIAKA, `S9(2) COMP`, yaani namba ya tarakimu mbili iliyohifadhiwa kwa binary. Kwenye IBM, namba ya COMP yenye tarakimu 1 hadi 4 inachukua baiti 2. GnuCOBOL ikiachwa kwenye mipangilio yake ya kawaida inabana zaidi: tarakimu 1 au 2 zinapewa baiti 1. Rekodi ya baiti 80 inakuwa ya baiti 79, na faili haina alama yoyote ya kusema rekodi inaishia wapi. Rekodi ya pili inaanza kusomwa kutoka baiti ya mwisho ya rekodi ya kwanza, ya tatu kutoka mbili za mwisho, na kuendelea hivyo. Dalili yake ni rahisi kuitambua ukishaiona: majina yanateleza kulia herufi moja kila mstari. Faili ya wafanyakazi 1,200 ina baiti 96,000. Ikisomwa kwa 79 inatoa rekodi kamili 1,215 na kipande cha baiti 15. Kwa hiyo kabla ya kitu chochote gawanya ukubwa wa faili kwa urefu wa rekodi, uone kama kuna baki:

```
echo $(( $(stat -c %s wafanya.ebc) % 80 ))
```

Jibu lisipokuwa 0, faili iliharibika njiani, na mara nyingi chanzo ni FTP iliyoachwa kwenye hali ya maandishi. Faili za data zihamishwe kwa hali ya `binary` tu. Zenye rekodi za urefu unaobadilika zinahitaji pia `quote site rdw` upande wa mainfremu, la sivyo baiti 4 za urefu zinazotangulia kila rekodi zinaondolewa na haiwezekani tena kujua mpaka wa rekodi.

Mpangilio wa baiti, kwa bahati nzuri, hauna taabu. GnuCOBOL huhifadhi COMP kuanzia baiti kubwa kama IBM, hata kwenye kichakataji cha Intel. COMP-5 ndiyo hufuata mashine.

Data: mahali fedha zinapopotea

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kishawishi ni kupitisha faili ya data kwenye `dd conv=ascii` kama ulivyofanya kwa msimbo. Usifanye hivyo. Chukua mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 50,050.00. Katika COMP-3 kila tarakimu inakaa kwenye nusu baiti, na nusu ya mwisho ni alama: C kwa chanya, D kwa hasi. Tarakimu tisa na alama ni baiti 5:

```
kabla:   00 50 05 00 0C     =  50,050.00
baada:   00 26 09 00 0C     =  26,090.00
```

`dd` imeona 50, ambayo kwa EBCDIC ni alama ya `&`, ikaigeuza kuwa 26; ikaona 05, ambayo ni tabo, ikaigeuza kuwa 09. Matokeo bado ni namba halali kabisa. Programu itaisoma, itakokotoa kodi, itachapa hati. Mfanyakazi amepoteza shilingi 23,960 na hakuna mstari hata mmoja wa kosa. Sehemu ya MIAKA nayo haiponi: miaka 37 ya utumishi ni 00 25, na 25 kwa EBCDIC ni mwisho wa mstari, hivyo inageuka 0A, yaani miaka 10.

Kwa hiyo ubadilishaji ufanywe sehemu kwa sehemu: maandishi yageuzwe, COMP na COMP-3 ziachwe zilivyo. Python ina jedwali la cp037 ndani yake:

```
import sys
UREFU = 80
with open(sys.argv[1], 'rb') as a, open(sys.argv[2], 'wb') as b:
    while True:
        r = a.read(UREFU)
        if not r:
            break
        if len(r) != UREFU:
            sys.exit('Rekodi ya mwisho ni pungufu')
        b.write(r[0:40].decode('cp037').encode('ascii'))
        b.write(r[40:47])
        b.write(r[47:80].decode('cp037').encode('ascii'))
```

Neno `ascii` limewekwa makusudi ili kazi isimame ikikuta herufi isiyotarajiwa. Ikisimama, angalia ni nini. Likiwa ni jina lenye herufi kama é, tumia `latin-1`, kamwe si `utf-8`, kwa sababu UTF-8 itaiandika é kwa baiti mbili na rekodi itakuwa 81. Ikiwa tatizo liko kwenye FILLER, huenda kuna HIGH-VALUES (baiti za FF) au mabaki ya sehemu iliyofutwa miaka mingi iliyopita. Muulize anayeifahamu faili kabla ya kuamua cha kufanya nayo. Rekodi zenye REDEFINES ndizo ngumu zaidi, maana baiti zilezile ni maandishi kwa aina moja ya rekodi na ni COMP-3 kwa aina nyingine. Hapo skripti lazima isome kwanza herufi inayotambulisha aina ya rekodi.

SALIO inahitaji neno lake. Ni tarakimu za kawaida, lakini alama imefichwa kwenye tarakimu ya mwisho. Deni la shilingi 125.50 likishageuzwa linasomeka `00001255}`. GnuCOBOL kwa kawaida yake ingetarajia `00001255p`. Ndiyo sababu ya `-fsign=EBCDIC` katika amri ya juu: inaiambia libcob kwamba `}` ni sifuri hasi, `J` ni moja hasi, na kuendelea.

Baada ya kugeuza, fungua rekodi moja mbili kwa `xxd -l 160 wafanya.dat` na uzisome baiti kwa baiti ukilinganisha na karatasi. Kisha toa jumla ya MSHAHARA na ya SALIO pande zote mbili. Na katika `SELECT`, acha `ORGANIZATION SEQUENTIAL`. Ukiweka `LINE SEQUENTIAL` kwenye faili yenye namba za COMP au COMP-3, baiti ya 0A iliyo ndani ya namba itachukuliwa kuwa mwisho wa mstari.

Faili za VSAM (mfumo wa faili wa mainfremu) zenye ufunguo hazinakiliki moja kwa moja. Zimwage kwanza kwenye faili bapa kwa amri ya REPRO ya IDCAMS, programu ya mainfremu ya kushughulikia faili hizo, zigeuze, kisha andika programu fupi ya COBOL inayosoma faili bapa na kuandika kwenye faili ya `INDEXED`. Hali 22 ikitokea wakati wa kupakia, ufunguo umejirudia; 39 maana yake maelezo ya faili kwenye programu hayalingani na faili iliyopo.

Mpangilio wa herufi

Kwa EBCDIC herufi hutangulia tarakimu. Kwa ASCII tarakimu hutangulia herufi. Idara `A100` ilikuwa mbele ya `2B00`, sasa iko nyuma yake. Ripoti iliyopangwa tu itabadilika sura, na hilo linavumilika. Hatari iko kwenye programu inayolinganisha faili mbili zilizopangwa, ikisoma upande ulio nyuma hadi funguo zilingane. Moja ikiwa imepangwa kwa EBCDIC kabla ya kuhamishwa na ulinganisho sasa unafanywa kwa ASCII, itapita rekodi halali ikidai hazina mwenza. Tiba ni kuirudishia programu mpangilio wake:

```
OBJECT-COMPUTER. LINUX
    PROGRAM COLLATING SEQUENCE IS YA-ZAMANI.
SPECIAL-NAMES.
    ALPHABET YA-ZAMANI IS EBCDIC.
```

Ukipendelea ASCII kwa siku zijazo, panga upya faili zote kwa pamoja. Kuchanganya ndiko kunakoua.

Senti nne

MISH01 inakokotoa malipo ya siku 7 kati ya 30 hivi: `COMPUTE MALIPO = MSHAHARA / 30 * SIKU`, MALIPO ikiwa na desimali mbili na bila `ROUNDED`. Kwa kanuni za IBM jibu la katikati linabaki na desimali mbili tu: 50,000.00 kwa 30 ni 1,666.66, mara 7 ni 11,666.62. GnuCOBOL inabeba desimali nyingi katikati na kukata mwishoni: 11,666.66. Kihesabu GnuCOBOL ndiyo iliyo karibu na ukweli. Lakini kwa kipindi cha kuhama, jibu linalotakiwa ni lile la mainfremu, kwa sababu bila kulingana huwezi kutofautisha senti hizi na baiti zilizoharibika. Kuna chaguo la `-farithmetic-osvs` linalobana usahihi wa majibu ya katikati; lijaribu kwenye kila fomula yenye mgawanyo. Kubadili fomula iwe `MSHAHARA * SIKU / 30` ni uamuzi wa mwenye mishahara, ufanywe baadaye na kwa maandishi.

Data mbovu haisimamishi tena kazi

Mainfremu ikikuta nafasi tupu mahali pa COMP-3 inaanguka kwa S0C7, msimbo wa kosa la data isiyo namba halali. Waendeshaji huichukia, ila ni mlinzi wa kweli. GnuCOBOL bila `-debug` inaendelea na hesabu, na jibu lolote linaweza kutoka. Iache `-debug` hata kwenye uzalishaji. Kwa programu ya usiku inayosoma rekodi elfu chache gharama yake haionekani. Zaidi ya hapo, weka `IF MSHAHARA IS NOT NUMERIC` mara baada ya kusoma.

Kutoka JCL kwenda bash

Jina lililo kwenye `ASSIGN TO WAFANYA` linatafutwa kwenye mazingira kama `DD_WAFANYA`, kisha `dd_WAFANYA`, kisha `WAFANYA`. Kwa hiyo mistari ya DD, inayotaja faili ndani ya JCL (lugha ya kuagiza kazi kwenye mainfremu), inahamia hivi:

```
export COB_LIBRARY_PATH=/opt/mishahara/lib
export DD_WAFANYA=/srv/mishahara/wafanya.dat
export DD_RIPOTI=/srv/mishahara/ripoti.muda
/opt/mishahara/bin/mish01
rc=$?
if [ "$rc" -gt 4 ]; then
    echo "MISH01 imeishia na $rc" >&2
    exit "$rc"
fi
mv /srv/mishahara/ripoti.muda /srv/mishahara/ripoti.txt
```

`set -e` haifai hapa. Kwenye JCL msimbo wa 4 kwa desturi ni onyo na kazi huendelea. Hapo `set -e` ingeisimamisha. Kuna mtego mbaya zaidi: Linux inahifadhi baiti moja tu ya msimbo wa kutoka. Programu ya zamani inayoweka `MOVE 256 TO RETURN-CODE` kuashiria kosa kubwa itaonekana kuwa imetoka na 0, yaani salama. Tafuta kila `RETURN-CODE` kwenye msimbo na uhakikishe hakuna inayozidi 255.

Ule mstari wa `mv` mwishoni unachukua nafasi ya `DISP=(NEW,CATLG,DELETE)`. Mainfremu ilifuta yenyewe faili ya kazi iliyoanguka. Linux inaiacha nusu nusu, na hatua inayofuata inaweza kuisoma kana kwamba imekamilika. Jina la `DD_` likikosewa herufi moja, `OPEN INPUT` itarudisha hali 35, lakini `OPEN OUTPUT` itaunda kimyakimya faili inayoitwa RIPOTI kwenye saraka uliyosimama.

Skrini za CICS (mfumo wa mainfremu wa kazi za papo kwa papo) hazina mwenza ndani ya GnuCOBOL, na `EXEC SQL` inahitaji kitangulizi cha kuigeuza kwanza. Programu za aina hiyo zisiwekwe kwenye awamu ya kwanza. Anza na zile za usiku zinazosoma faili na kutoa faili.

Kuendesha sambamba

Endesha pande zote mbili kwa data ileile, angalau mwezi wa kawaida mmoja na mwezi wa kufunga mwaka, maana mwisho wa mwaka huita aya za msimbo ambazo miezi mingine haizigusi. Ripoti ya mainfremu ina herufi ya kuongoza printa kwenye safu ya kwanza, `1` ikiwa ukurasa mpya. Ya GnuCOBOL ina 0C na mistari mitupu. Ondoa hizo pande zote, kisha `diff`. Kwa faili za data tumia `cmp -l`, ambayo inataja nafasi ya kila baiti iliyotofautiana. Toa 1 kwenye nafasi hiyo, gawanya kwa 80: baki linakuonyesha ni sehemu gani ya rekodi. Baki likiwa 42 hadi 46 kosa liko kwenye MSHAHARA, 47 hadi 55 liko kwenye SALIO. Tofauti za SALIO zikiwa zote kwenye 55, ile tarakimu ya mwisho, anza kutafuta programu ndogo iliyokompailiwa bila `-fsign=EBCDIC`.